Saluti Moja ya Daktari Msengi

Hapo zamani, na siyo ile zamani ya sungura kumdanganya fisi, ni zamani ya juzi tu ambayo mashahidi wake bado wanakula ugali, palikuwa na mji mdogo katikati ya nchi. Mji wa mawe makubwa, upepo na alizeti. Sogeeni. Na wewe uliyesoma sana kaa hapa mbele, maana mwishoni nitauliza swali, na cheti chako hakitakusaidia.

Mji huo ulikuwa na daktari wake. Madaktari wengine walikuja wakahamishwa, huyu alikuja akabaki. Aliitwa Elifasi Msengi, Mnyiramba, mrefu kama mlingoti wa bendera na mkavu vilevile. Kabla hajawa wa mji alikuwa wa jeshi. Vita ya Kagera aliiendea na sanduku la dawa mgongoni, na alirudi nalo. Mabuti aliyorudi nayo aliyavaa miaka yote, kila asubuhi anayapiga rangi mpaka kuku wakipita wanajiona humo.

Sasa sikilizeni kazi yake vitani ilikuwa nini. Majeruhi analetwa. Dokta anamfunga jeraha, anamchoma sindano, anampandisha lori. Lori linaondoka kwenda nyuma, kwenye hospitali kubwa. Analetwa mwingine. Anamfunga, anamchoma, anampandisha. Lori linaondoka. Na Dokta hajui. Yule aliyekuwa anamwita mama yake, alifika? Hajui. Yule aliyeomba maji akanyimwa kwa sababu ya tumbo lake, alipona? Hajui. Vita ikaisha, watu wakaimba barabarani, yeye akarudi nyumbani na kundi zima la watu kichwani ambao hajui.

Ndiyo maana alipofungua zahanati yake akaweka sheria. Mganga mwingine atataka mbuzi, atataka shukrani ndefu. Huyu hapana. Huyu alisema, "Ukipona, rudi nikuone." Na siyo kurudi hivi hivi na kandambili huku unatafuna muwa. Unasimama mlangoni pa zahanati, miguu pamoja, mkono kipajini, unasema: "Nimepona, Afande. Naripoti." Naye anainuka nyuma ya meza, anaipokea saluti yako, anasema: "Nimekuona. Nenda kaishi."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake. Mji mzima ukawa unapiga saluti. Bibi kizee aliyetolewa mtoto wa jicho alisimama mlangoni, akampigia saluti koti lililotundikwa ukutani, Dokta akamgeuza taratibu akapiga tena. Mchungaji wa usharika aliripoti na joho lake. Mwizi wa kuku, ambaye wananchi walimpasua kichwa akaja kushonwa, naye aliripoti, tena kwa saluti nzuri kuliko ya mchungaji. Kichanga kikizaliwa kwa shida, mama yake alikikunja kimkono kikapiga. "Nimekuona," Dokta anakiambia kichanga. "Nenda kaishi."

Sheria hiyo ilikuwa na vipengele viwili, na nyie vishikeni, maana hadithi yote imening'inia hapo.

Kipengele cha kwanza: asiyeripoti bado ni mgonjwa. Hata acheze ngoma, hata abebe gunia. Dokta akikukuta sokoni hujaripoti anakuuliza, "Mbona umetoka kitandani?"

Cha pili: ripoti ni moja, kwa mtu mmoja tu. Yule ambaye bila yeye ungekuwa umekufa. Mama Twalibu muuza maandazi aliwahi kupona homa ya uti wa mgongo, akaja na furaha zake, akampigia saluti Dokta, akampigia muuguzi, akampigia mlinzi, akampigia na mbuzi aliyefungwa pale nje. Dokta akamrudisha nyumbani. "Mama, ukiripoti kwa wote hujaripoti kwa yeyote. Nenda kafikiri ni nani, kisha urudi." Akaenda, akafikiri, akarudi, akampigia muuguzi. Dokta akafurahi kuliko angepigiwa yeye. Kweli ni muuguzi ndiye aliyeitambua ile homa.

Sheria nzuri. Ila mwenye sheria alisahau kitu kimoja, kwamba na yeye ana mwili.

Mwili wa Dokta ulikuwa na siri, na mimi nitaisema, hata wenye haya wakiziba masikio. Dokta alikuwa na ngiri. Ndiyo, ngiri, hapa chini kwenye kinena. Miaka na miaka. Uvimbe ukitoka analala chali, anainua miguu ukutani, anausukuma polepole unarudi ndani, anavaa mabuti yake anakwenda kutibu ngiri za wenzake. Wanaume wa mji mzima alishawavua suruali akiwaambia, "Aibu haitibu." Yake yeye akaifunga na mkanda.

Aliyejua ni mtu mmoja, mke wake, Eliwaza, aliyeitwa Mama Naftali. Alimkuta siku moja na miguu ukutani. Dokta akamwambia, "Mama Naftali, hili halitoki humu chumbani. Niapie." Mama Naftali akaapa. Na huyo ni mwanamke ambaye akikuahidi chumvi ya kuazima anakuletea hata mvua ikinyesha.

Kwa nini Dokta hakwenda kupasuliwa, na upasuaji wake ni wa kawaida? Nitawaambia. Kwenye hospitali ya ng'ambo ya korongo, daktari mkubwa alishinda safarini mkoani, na upasuaji wote ulikuwa wa Zilpa Mughenyi. Huyo Zilpa, Dokta ndiye aliyemzalisha mama yake. Kitovu alimkata yeye. Zilpa alipokuwa mtoto akaanguka kwenye mawe akapasuka kichwa, Dokta alimshona, na akaja kuripoti na bendeji limemfunika jicho moja. Baadaye alipokuwa anasomea udaktari, kila likizo alikuja kumshikia taa. Alimwita Babu. Sasa Dokta afike pale, ashushe suruali, aseme mjukuu wangu, tazama huku? Alisema afadhali afe. Wanaume tukisema hivyo huwa tunatania. Yeye hakuwa anatania.

Basi ikaja masika, mvua ya siku tatu mfululizo, na siku moja uvimbe ukatoka ukakataa kurudi.

Dokta akalala chali. Ukakataa. Akainua miguu. Ukakataa. Ukawa mgumu kama jiwe, akaanza kutapika. Yeye alikuwa anajua kabisa ni kitu gani. Utumbo umenaswa, damu haipiti, na usipofunguliwa unaoza ukiwa ndani ya mtu. Alishawaambia hivyo wanaume wangapi. Lakini watu walipokuja kumwona akawaambia, "Malaria. Nimekunywa dawa. Asiniguse mtu." Akavuta blanketi mpaka kidevuni. Muuguzi akaja, akaambiwa asiguse, akatii. Mchungaji akaja, akaomba akiwa mlangoni, akatii. Mji uliokwisha kuzoea kumpigia mtu saluti, utamfunua blanketi?

"Baba Naftali," mke wake akamwambia wakiwa wawili, "niruhusu nimwite Zilpa."

"Uliapa."

"Niliapa."

"Basi."

Mama Naftali akatoka nje ya chumba. Kisha akachukua buti moja la mumewe pale mlangoni, akalifunika kwa khanga mvua isilinyeshee, akaenda nalo kwa Ngassa fundi viatu.

Ngassa alikuwa jirani yao, Msukuma, mnene, mwenye mdomo usio na mlango. Msukuma na Mnyiramba ni watani, na Ngassa aliufanya utani kama watu wengine wanavyofanya ibada. Kila asubuhi Dokta akipita na mabuti yake, Ngassa atasema, "Mali yetu hiyo inapita. Babu yangu aliwanunua nyie kwa jogoo mmoja, na jogoo mwenyewe alikuwa anaumwa kideri." Na Dokta, ambaye hachekagi, angejibu, "Babu yako alimla yule jogoo ndiyo maana hujawa na akili." Hivyo ndivyo walivyosalimiana. Habari za asubuhi hawakuwahi kuambiana maishani.

Mama Naftali akaliweka buti mezani kwa Ngassa. "Lishone," akasema. "Na usiharakishe. Leo halivaliwi." Akageuka, akaondoka na mvua yake.

Baada ya muda Ngassa akaingia chumbani kwa Dokta bila hodi, buti mkononi.

"Mali yetu, nimelirudisha buti lako. Mgonjwa ni wewe, siyo lenyewe."

"Toka, Ngassa."

"Nitoke niende wapi? Asubuhi yote sijamtukana mtu, mdomo unaniwasha."

"Nimesema asiniguse mtu."

"Mtu ndiyo asikuguse. Mimi ni mwenye mali, nimekuja kukagua." Na kwa mkono wake wenye gundi ya viatu akalishika blanketi akalivuta lote, likaenda mpaka sakafuni.

Saa hiyo chumbani alikuwa amerudi muuguzi, amerudi mchungaji, wamekuja majirani. Wote wakaona. Uvimbe kama embe bolibo, umeiva vibaya. Ngassa alikuwa amefungua mdomo acheke, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza mji ule kumwona Ngassa kafunga mdomo.

"Elifasi," akasema, na hakuwahi kumwita jina lake. "Hii ndiyo malaria?"

Dokta akageukia ukutani.

Ngassa akatoka nje mvuani akipiga kelele anataka gari. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama upande wa pili. Korongo lilikuwa limejaa, maji mekundu, yanabeba magogo, na magari yalipanga foleni kwenye kingo yakisubiri yapungue. Yatapungua kesho, watu walisema. Labda.

Hapo ndipo anapoingia Koplo Rajabu Mwiru. Koplo Rajabu alikuwa na lori lake moja kuukuu la kubebea alizeti, analipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Na vitani, yeye ndiye aliyekuwa dereva wa lile lori la majeruhi. Ndiyo, lile lile lililokuwa linaondoka. Walirudi mji mmoja, wakaishi mtaa wa pili, wakasalimiana miaka yote, "Jambo Afande," "Jambo Koplo," na Dokta hakumuuliza lile swali hata siku moja.

Wakamlaza Dokta nyuma, juu ya magunia ya mashudu ya alizeti, mke wake amemshika kichwa. Rajabu akaendesha mpaka kwenye korongo. Akaipita foleni yote. Akasimama ukingoni, akashuka, akayatazama maji, akaja nyuma kuifunga turubai vizuri.

"Rajabu," Dokta akasema, sauti imekauka.

"Afande."

"Wale tuliokuwa tunawapakia. Walikuwa wanafika?"

Koplo akakaza kamba. "Wengine hapana, Afande. Wengi walifika. Waliofika walikuwa wanauliza jina lako. Nilikuwa nawaambia Msengi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilijua unajua."

Dokta akafumba macho. Mama Naftali alisema baadaye kwamba machozi yaliyotoka pale hayakuwa ya tumbo.

Rajabu akapanda, akasema bismillahi, akaliingiza lori majini. Maji yakafika kwenye matairi. Yakafika mlangoni. Wale wa kwenye foleni wakashika vichwa. Gogo likaja likalipiga ubavuni, lori likayumba, likasimama, likanguruma, likatoka ng'ambo linavuja kama chujio la chai. Likafika hospitali, likazima pale pale getini, na injini yake haikuwaka tena.

Zilpa alikuwa ameshapigiwa simu, amevaa nguo zake za kijani, anasubiri. Dokta akiwa kwenye kitanda cha magurudumu akajaribu kuwa Afande kwa mara ya mwisho.

"Msubirini daktari mkubwa arudi kutoka mkoani. Huyu mtoto hanipasui."

"Shikamoo, Babu," Zilpa akasema.

"Marahaba. Hunipasui."

"Babu, hapa nani mgonjwa?"

Dokta akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Nauliza, nani mgonjwa?"

"Mimi."

"Na mgonjwa wako, miaka yote ile nilipokuwa nakushikia taa, ulikuwa unamwambia afanye nini?"

Dokta akatazama dari. "Atii."

"Basi tii."

Hayo aliyasema kwa mdomo. Moyoni, yeye mwenyewe alikiri, alikuwa anahesabu lawama. Mzee amechelewa, moyo wake una umri, na akifia mezani mji mzima utasema mtoto aliyekatwa kitovu na Dokta ndiye aliyemwua Dokta. Daktari mkubwa akifika kesho, lawama ni yake. Zilpa hakungoja kesho. Akapasua. Akaukuta utumbo umeshaanza kuwa mweusi, akaunasua, akaufunika kwa vitambaa vya maji ya moto, akasimama juu yake anaungoja. Ukabadilika. Ukawa zambarau, ukawa mwekundu, ukawa waridi kama mdomo wa mtoto. Akaurudisha, akashona.

Dokta akaishi.

Aliporudi nyumbani mji ulifanya jambo. Hakuna aliyewaita. Walitoka tu, wakapanga mstari kuanzia korongoni mpaka mlangoni kwake. Bibi wa mtoto wa jicho, mchungaji, mwizi wa kuku, Mama Twalibu na maandazi yake, vichanga vya zamani ambavyo sasa vina ndevu. Gari likipita, mikono inapanda vipajini. Dokta akiwa amekaa kiti cha mbele, akawaambia mmoja mmoja kupitia kioo, "Nimekuona. Nimekuona. Nimekuona," mpaka sauti ikamwisha akawa anasogeza midomo.

Vizuri. Mngependa niishie hapo, mkalale. Hamlali.

Zilpa alikuja kumtoa nyuzi. Koplo Rajabu alikuja kumjulia hali. Ngassa alikuja kwa sababu palikuwa na chai. Dokta, amekaa kiti cha kona, mto tumboni, akasema, "Jumatatu nafungua zahanati."

Ngassa akaweka kikombe chini. "Unafungua kama nani? Wewe bado mgonjwa. Hujaripoti."

Kweli. Sheria ni yake. Asiyeripoti bado ni mgonjwa, na mgonjwa hatibu watu. Zahanati imefungwa, watu wanasubiri, na ufunguo ni saluti moja.

"Nitaripoti," akasema.

"Kwa nani?"

Hapo ndipo nyumba iliposhika moto.

"Swali gani hilo?" Ngassa akajijibu mwenyewe. "Kwangu. Bila mimi, huyu angekufa na malaria yake ya kinena. Mji mzima ulimtii. Muuguzi alitii, mchungaji alitii. Nani alivuta blanketi? Mimi. Asiyejulikana anaumwa nini, lori limpeleke wapi, kisu kimkate wapi? Bila mimi, leo hii mngekuwa mmeshasahau ladha ya wali wa matanga yake."

"Ulivuta kwa mzaha," Koplo akamwambia. "Ulikuja kucheka. Mtu aliyejikwaa kwenye hazina naye tumwite mchimbaji? Bila mimi, Afande angekuwa bado yuko ukingoni na foleni. Kila mtu alishajua anaumwa nini, na kujua kwao kungemzika vizuri tu. Lori langu lilikuwa ndiyo shamba langu, ndiyo uzee wangu. Liliburutwa kwa kamba mpaka hapo nje, kuku wanatagia kwenye injini. Wengine mmetoa maneno. Mimi nimetoa lori."

"Babu Rajabu, na heshima yako yote," Zilpa akasema, "gogo lile lingepiga kidogo upande wa mbele, ungemzamisha na Bibi pamoja. Ulicheza kamari na ikakulipa. Bila mimi, mngefika hospitali na blanketi lenu na lori lenu, mkaambiwa daktari mkubwa anakuja kesho. Kesho ule utumbo usingekuwa utumbo tena. Mikono iliyomtoa kule alikokuwa ni hii."

"Ndiyo kazi yako," Ngassa akasema. "Mimi nikishona kiatu unanipigia saluti?"

"Kushona mtu aliyekushona, tena anakukataza, ukijua akifa hutatembea tena mji huu, mzee wangu, hilo siyo la kazini. Kazi ilinitaka nimsubiri mkubwa wangu."

Wakamgeukia Dokta. Dokta akasema, "Nipeni mpaka asubuhi." Mtu aliyemrudisha Mama Twalibu akafikiri upya, sasa yeye ndiye wa kufikiri. Kila alipomweka mmoja mbele, wawili walisimama nyuma yake, nao wana haki.

Mama Naftali alikuwa anaokota vikombe. Mnamwona? Hata nyie mlishamsahau.

Asubuhi Dokta akaoga, akanyoa, akavaa shati jeupe. Akaketi kwenye stuli ya mlangoni kuvaa mabuti. La kushoto likaingia. Akalichukua la kulia, akakumbuka Ngassa alikuwa nalo, akaligeuza atazame lilishonwa wapi ampe haki yake hata kwa hilo. Akaligeuza soli. Akaligeuza kisigino. Akapitisha kidole pembeni kote kama anayetafuta mfupa uliovunjika.

"Mama Naftali."

"Abee."

"Buti hili lilichanika wapi?"

Mke wake alikuwa ndani, anachambua mchele kwenye ungo. "Halikuchanika."

"Sasa kwa Ngassa ulipeleka nini?"

"Nilipeleka buti."

Dokta akabaki amelishika. Polepole, kama ule utumbo ulivyorudiwa na rangi, mambo yakamjia. Mwanamke aliyeapa, na hakuvunja kiapo. Hakusema ngiri, hakusema Zilpa, hakusema neno moja la chumbani. Aliutazama tu mji mzima wa watu watiifu, akamchagua yule mmoja asiyetii, akampelekea buti zima lisilovaliwa. Na buti la Dokta lisilovaliwa, kwa fundi anayeliona likipita kila asubuhi, lilikuwa ni mtu anayepiga yowe.

"Miaka yote ulijua," Dokta akasema bila kugeuka. "Ungeweza kumwambia Zilpa tangu zamani, nikapasuliwa mchana kweupe, Rajabu angekuwa na lori lake."

"Ningeweza," Mama Naftali akasema. Ungo ukanyamaza. "Uliniapisha. Hilo nalo linaniuma kila nikiliona lile lori. Vaa kiatu, Baba Naftali, watu wanakusubiri."

Akavaa. Akafunga kamba. Akasimama mlangoni pa nyumba yake.

Kushoto, kwenye kibanda cha viatu, Ngassa amekaa, na kwa mara ya kwanza amevaa shati lenye vifungo vyote. Mbele, ng'ambo ya barabara, Koplo Rajabu amesimama wima kando ya lori lake lililokufa. Kulia, kwenye njia ya korongo, Zilpa ametoka zamu ya usiku, amekuja kwa miguu, viatu vina tope. Nyuma yake, ndani, ungo umewekwa chini, na mwanamke anajifuta mikono kwenye khanga. Na kule zahanati mlango umefungwa, watu wamekaa kwenye benchi wanangoja daktari wao apone.

Dokta Msengi akaweka miguu pamoja. Visigino vikalia. Akavuta pumzi mpaka mshono ukamkumbusha uko wapi, na mkono, ule mkono mrefu mkavu uliopokea saluti za mji mzima, ukaanza kupanda taratibu kuelekea kipajini.

Na mimi namwacha hapo hapo, mkono umefika sikioni, midomo imeanza kusema "Nimepona."

Msiniambie wote. Wote ni jibu la mtu anayetaka kwenda kulala, na Mama Twalibu alishalijaribu akarudishwa. Aliyevuta blanketi akiwa anatania, aliyetoa lori lake maji yakaliua, aliyeshika kisu akijua lawama ni yake, au aliyepeleka buti zima kwa fundi baada ya kunyamaza miaka mingi? Yule ambaye bila yeye mzee angekuwa amekufa. Geuzeni uso wa Dokta nyinyi wenyewe. Je, nani alistahili saluti ile?